Mambo ya Kuweka Sawa Kabla ya Kuanza Somo la Bahari: Kwa Mwanafunzi wa Uvuvi

Wanafunzi wengi wa uvuvi huingia darasa la sayansi ya bahari wakiwa na samaki kichwani: aina zao, nyavu za kuwavua, tani zilizopakuliwa. Somo lenyewe huanzia mbali na hapo. Wiki za kwanza ni joto, chumvi, upepo na grafu ambazo sifuri yake imekaa juu. Wapo wanaokata tamaa mapema, wakidhani wamepotea njia na kuingia darasa la fizikia. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuweka sawa ni hili: samaki hufuata maji ya aina fulani, na maji hayo huhama. Nukta uliyoiweka kwenye ramani mwezi uliopita inaweza kuwa leo imejaa maji mengine kabisa. Kila mada utakayofundishwa, iulize swali moja: hii inambadilishia nini samaki?

Kisha jiweke sawa kwenye vipimo, maana huko ndiko alama nyingi hupotea bure. Maili ya baharini ni mita 1,852, ambayo ni sawa na dakika moja ya latitudo. Ndiyo maana umbali kwenye chati hupimwa kwenye ukingo wa kushoto au wa kulia. Ukiupima kwenye ukingo wa juu au wa chini umekosea. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa. Pima, ambayo bado utaikuta kwenye chati za zamani, ni mita 1.83. Kanieneo huongezeka kwa takriban angahewa moja kila unaposhuka mita 10, na vyombo vingi huiandika kwa desibari. Desibari moja inakaribiana sana na mita moja ya kina, hivyo usiogope safu hiyo kwenye jedwali. Chumvi ya bahari kwa wastani ni gramu 35 katika kila kilo ya maji. Utaiona mara nyingi imeandikwa 35 tupu, bila kipimo, na huo si uzembe: mizani iliyokubaliwa mwaka 1978 hutokana na uwiano wa jinsi maji yanavyopitisha umeme, na uwiano hauna kipimo.

Jambo moja dogo hapa limewatesa wengi. Upepo huitwa kwa upande unakotoka, mkondo huitwa kwa upande unakokwenda. Upepo wa kusini na mkondo wa kaskazini vinaweza kuwa vinaelekea upande mmoja. Liandike kwenye jalada la ndani la daftari lako, kwa sababu mtihani wa mikondo hauna huruma na anayelisahau.

Baada ya hapo, zoea kuitazama bahari kwa kwenda chini kabla ya kuitazama kwa kwenda mbali. Kina cha wastani cha bahari za dunia ni kama mita 3,700, lakini mambo mengi yanayomhusu mvuvi hutokea katika mita 200 za juu, na ndani ya hizo 200 tofauti ya mita 40 inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti ya kilomita 400 za usoni. Chukua karatasi uchore mfano huu kwa mkono. Weka sifuri juu, kina kiende chini. Usoni joto ni digrii 28. Kwenye mita 30 bado ni 28. Kwenye mita 60 ni 27.5. Halafu mita 80 linaanguka hadi 23, mita 100 ni 19, mita 130 ni 16. Baada ya hapo linapungua polepole hadi utakapochoka kuchora. Sehemu ile ya katikati ambako mstari unalala ubavu ndiyo themoklaini: tabaka ambalo joto hushuka haraka kwa kina kifupi. Juu yake upepo na mawimbi vimekoroga maji yakawa sawasawa. Chini yake kuna maji baridi na mazito ambayo hayachanganyiki kirahisi na ya juu.

Kaa na mchoro huo kidogo, maana umebeba nusu ya somo. Maji ya joto ni mepesi, maji ya chumvi nyingi ni mazito, na tofauti hiyo ndiyo huyafanya yapangane matabaka. Themoklaini huwa mlango mgumu: virutubisho vilivyo chini havipandi, oksijeni ya juu haishuki. Kwa samaki pia ni mpaka. Jodari wa mapezi ya njano hukaa muda mwingi juu yake au karibu nayo, ilhali jodari wa macho makubwa huzama chini zaidi mchana, kwenye maji baridi yenye oksijeni kidogo. Ndiyo sababu mishipi mirefu inayomlenga huyo wa pili hutegwa kina kirefu zaidi. Na themoklaini ikiwa karibu na uso, wavu wa kuzungushia hunasa vizuri, kwa kuwa jodari hapendi kutoroka kwa kupiga mbizi kwenye baridi ya ghafla. Mtu aliyepima usoni peke yake atapata digrii 28 siku zote mbili na asijue kwa nini jana wavu ulijaa na leo umerudi mtupu.

Mwanga nao hukatika upesi. Hata kwenye maji maangavu, kufikia mita 100 hivi hubaki karibu asilimia 1 tu ya mwanga wa usoni, na kwenye maji ya mdomo wa mto hali hiyo hufikiwa ndani ya mita chache. Vijimea vya planktoni, yaani vile vidogo mno vinavyoelea majini, vinahitaji mwanga, ambao uko juu, na virutubisho, ambavyo kwa sehemu kubwa viko chini gizani, kwa sababu kila kinachokufa huzama na kuozea huko. Ugomvi huo wa juu na chini ndio unaoamua bahari ipi ina samaki. Maji mazuri ya buluu yanayopigwa picha na watalii mara nyingi hayana chakula. Maji ya kijani yenye ukungu ndiyo yenye neema.

Basi, kabla ya mada ya mikondo, hakikisha unaweza kuitumia nguvu ya Coriolis, inayotokana na dunia kujizungusha, hata kama huwezi kuithibitisha kwa hesabu. Kaskazini mwa ikweta vitu vinavyosafiri husukumwa kulia, kusini mwa ikweta kushoto, na kwenye ikweta yenyewe msukumo huo hutoweka. Fridtjof Nansen, msafiri na mwanasayansi wa Norwe, akiwa kwenye meli Fram iliyokwama katika barafu ya Aktiki kuanzia 1893 hadi 1896, aliona barafu haiendi sawa na upepo bali inapinda kulia. Vagn Walfrid Ekman, mwanasayansi wa bahari wa Sweden, aliifanyia hali hiyo hesabu mwaka 1905 na kuonyesha kwamba ukijumlisha tabaka zima la juu linalosukumwa na upepo, maji huenda digrii 90 kutoka uelekeo wa upepo. Vitabu vingine hutumia kurasa nyingi kueleza hili. Kwa maoni yangu mazoezi mawili yanatosha.

La kwanza: pwani ya Peru, upepo unavuma kutoka kusini kwenda kaskazini sambamba na nchi kavu. Uko kusini mwa ikweta, kwa hiyo maji yanasukumwa kushoto, yaani magharibi, kuelekea bahari kuu. Maji ya juu yakiondoka pwani, lazima kitu kijaze nafasi, na kinachojaza ni maji baridi ya chini yenye virutubisho tele. La pili: pwani ya Somalia wakati wa kusi. Upepo unatoka kusini-magharibi, uko kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo maji huenda kulia. Fanya mwenyewe uone yanaelekea wapi. Kama umepata nje ya pwani, umeelewa kupanda kwa maji ya kilindini, na unaweza kueleza kwa nini maeneo ya aina hii, kama Peru, California, Benguela kusini-magharibi mwa Afrika na visiwa vya Canary, hutoa takriban moja ya tano ya samaki wa baharini duniani ilhali ni kama asilimia 1 tu ya eneo la bahari.

Peru hiyohiyo inakufundisha upande wa pili. Mwaka 1970 ilivua zaidi ya tani milioni 12 za anchoveta, samaki mdogo wa aina ya dagaa. Mwaka 1972 ikaja El Niño: maji ya joto yakatanda, themoklaini ikazama, na upepo uliendelea kupandisha maji ya chini lakini sasa yalikuwa maji ya joto yasiyo na virutubisho. Samaki waliobaki walijibana pwani wakavuliwa kirahisi, na uvuvi ule ukaporomoka. Ukiulizwa ni bahari au ni wavuvi waliouangusha, usikimbilie jibu moja. Vuta nikuvute hiyo utakutana nayo katika kila somo la tathmini ya akiba ya samaki.

Oksijeni huwa inasahauliwa, wakati ndiyo inayoua kwa kimya. Maji ya baridi hushika gesi nyingi kuliko ya joto: kwenye digrii 5 maji ya bahari yanaweza kubeba takriban miligramu 10 za oksijeni kwa lita, kwenye digrii 28 ni kidogo zaidi ya 6. Ikishuka chini ya 2, samaki wengi hukimbia au hufa. Bahari ya Uarabuni na mashariki ya Pasifiki ya tropiki zina matabaka manene ya katikati yenye oksijeni haba, na maji hayo yakipandishwa pwani huweza kuleta vifo vya samaki bila sumu yoyote kumwagwa.

Kuhusu kujaa na kupwa, hakikisha tu unaelewa mambo machache. Maji yakijaa mara mbili kwa siku, kati ya kujaa na kujaa kuna saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kesho yatachelewa kwa dakika kama 50. Bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu; maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, huja karibu na nusu mwezi. Sehemu nyingine hujaa mara moja tu kwa siku, kwa hiyo tumia jedwali la mahali ulipo, na soma kina kinahesabiwa kutoka usawa gani kabla hujapeleka mashua juu ya mwamba.

Soma pia, hata kwa juujuu, habari za mabuu, yaani samaki wachanga waliotoka tu kwenye mayai. Johan Hjort, mtafiti wa uvuvi wa Norwe, alieleza mwaka 1914 kwamba wingi wa samaki wa miaka ijayo huamuliwa mapema sana, wakati mabuu wanapoanza kutafuta chakula wenyewe. Samaki aina ya heringi waliozaliwa mwaka 1904 walitawala mavuno ya Norwe kwa miaka mingi iliyofuata. Mkondo ukiwapeleka mabuu kwenye planktoni, wanapona. Ukiwapeleka kwenye maji matupu, akiba inapungua hata kama hakuna aliyetupa wavu.

Vyombo vitakushughulisha kuliko unavyofikiri, kwa hiyo vijue udhaifu wake kabla ya kuvishika. Kipimakina cha sauti hudhani sauti inasafiri mita 1,500 kwa sekunde. Kwenye maji ya digrii 28 ni karibu 1,540, hivyo kinapokuambia mita 150, kama maji ni ya joto hilo hadi chini, kina cha kweli ni kama 154. Setilaiti huona ngozi ya bahari tu, na mawingu huziba vipima joto vyake. Vijimea vilivyojikusanya mita 80 chini havitaonekana kwenye picha yake nzuri ya rangi. Sahani nyeupe ya Secchi ya kupimia uangavu wa maji, iliyoanza kutumika mwaka 1865, ni rahisi na haihitaji betri: ishushe upande wenye kivuli, andika kina inapopotea, ivute uandike inapoonekana tena, chukua wastani. Vua miwani ya jua kwanza. Na unaposhusha chupa ya sampuli kwa kamba, mkondo huivuta upande. Ukiwa umetoa mita 100 za kamba na imeinama digrii 30 kutoka wima, chupa iko kwenye mita 87, kwa sababu unazidisha kwa kosini ya pembe. Usipoandika pembe, sampuli hiyo haina kina.

Siku ya kwenda baharini, beba penseli, kwani wino hufutika. Andika tarehe na saa kwa mfumo wa saa 24 na useme ni saa za wapi, la sivyo saa 3 yako ya asubuhi itasomwa na mwingine kama saa 9 usiku. Vaa jaketi la kuokolea maisha kabla ya kupanda, vaa viatu visivyoteleza, na usisimame ndani ya mviringo wa kamba iliyolala sitahani hata kama imetulia. Vidonge vya kichefuchefu humezwa kabla ya kung'oa nanga; ukingoja tumbo lichafuke utavitapika. Likichafuka hata hivyo, waambie wenzako, toka nje utazame upeo wa bahari, na kazi ya kusoma skrini mwachie mwingine kwa saa hiyo.