Ukitaka timu inayoshinda, anza na ufagio

Watu wengi wakisikia utamaduni wa timu wanakimbilia kuprinti fulana na kubandika maneno makubwa ukutani, wanaita mtu wa kuhamasisha anapiga kelele masaa mawili, kesho yake waliokuwa wanachelewa wanachelewa vilevile. Mimi nina karakana ya fenicha, tuko saba, jioni nasimamia timu ya vijana wa mtaani, so haya nimeyajaribu kotekote na mengine yalinitokea puani kwanza ndo nikaelewa.

Anza na kazi ambazo hakuna anayezitaka. Kule Kaptagat, Kenya, kwenye kambi ya kocha Patrick Sang (huyu mwenyewe alichukua medali ya fedha Olimpiki ya Barcelona 1992, mita 3000 kuruka viunzi na maji), Eliud Kipchoge ana dhahabu mbili za marathoni za Olimpiki, hela anayo, nyumba anayo, lakini kambini kuna zamu za usafi na yeye yumo, anaosha choo kama dogo aliyefika juzi. Hata All Blacks wa raga kule New Zealand, wachezaji wakubwa ndo wanashika ufagio chumba cha kubadilishia nguo mechi ikiisha. Sasa choo kikishaoshwa na bingwa, dogo gani atasema hiyo sio kazi yangu?

Kwahiyo chukua karatasi uziandike. Kwangu ni kufagia maranda, kuosha brashi za vanishi, kumwaga taka na kuchemsha chai, kwenye timu ni kubeba mipira, kufua jezi na kuchora mistari ya uwanja. Panga zamu, jina la kwanza liwe lako na iwe Jumatatu, usijifiche Ijumaa ambako utapata sababu ya kutoroka. Siku ya kwanza mafundi walicheka, mmoja akataka kuninyang'anya ufagio eti bosi acha bwana, nikakataa, nikafagia mpaka chini ya mashine ya randa ambako maranda yalikuwa yameganda sijui tangu lini. Hapo kicheko kikaisha.

Halafu sheria. Ziwe chache, tatu zinatosha, na mzitunge pamoja, ila zimbane kila mtu na hapa ndo pagumu kuliko pote. Nilikuwa na fundi wa milango ya nakshi, mkono wake hapa mtaani hauna mpinzani, akaanza kuja saa nne badala ya saa mbili nami nikanyamaza maana naogopa kumpoteza. Baada ya wiki chache nusu ya karakana inaingia saa nne, oda ya vitanda ikachelewa, nikamrudishia mteja advansi yake. Kosa lilikuwa langu, sio lao. Nikamwita pembeni peke yake, sio mbele za watu, tukaongea vizuri kabisa, akaona namdhalilisha, akaondoka. Miezi miwili nilipata tabu kwelikweli, wateja wa milango nawarudisha, lakini dogo aliyekuwa anapiga msasa akaanza kujifunza kuchonga na leo ndo anaichonga hiyo milango. Ukiwa na straika wa hivyo kwenye timu ni hivyohivyo, mpige benchi hata kama ni fainali ya bonanza. Na faini ikikuangukia wewe lipa hapohapo wakiona, mimi nilishatoa elfu mbili yangu.

Kingine, msifie asiyeonekana. Vienna, Austria, tarehe 12 Oktoba 2019, Kipchoge alikimbia marathoni kwa 1:59:40 na waliompokezana kumwekea kasi walikuwa 41, wengi wao wakali wenye majina yao, siku ile kazi yao ilikuwa kumkinga upepo na kushika mwendo basi. Sisi mechi ikiisha hatuanzi na mfungaji, tunaanza na aliyekimbia kurudi kukaba. Karakanani mteja akija kuchukua kabati namwita aliyepiga msasa, namwambia mteja huyu ndo kafanya ling'ae hivi. Ni sekunde tano tu ila mtu anatembea kifua mbele wiki nzima.

Mambo ya hela sirefushi, zawadi ya bonanza ihesabiwe mezani wote wakiona, na bonasi ya oda kubwa isemwe kabla kazi haijaanza. Siri za hela zimeua timu nyingi kuliko vipigo.

Makosa muyaongee siku hiyohiyo, dakika kumi, mkubwa akitangulia na lake. Mimi huwa naanza na mbao niliyoikata fupi sentimita mbili kwa kupima nikiwa kwenye simu, baada ya hapo hakuna anayeficha lake.

Ila usitegemee matokeo mwezi wa kwanza, watakuwa wanaigiza kwasababu upo. Ondoka siku kadhaa bila taarifa uone. Mimi nilisafiri ghafla Jumapili, nimerudi Jumatano nikakuta sakafu safi, kwenye karatasi ya zamu jina langu la Jumatatu limekatwa na pembeni mtu kaandika kwa penseli ya fundi: BOSI UNADAIWA.