SOMO: Kukisia umri wa nyota changa kwa infraredi

Tuchukue nyota iliyozaliwa majuzi kwenye wingu la gesi na vumbi la Taurus, umbali wa miaka ya nuru 450 hivi. Bado imejifunika vumbi. Vumbi linalofifisha nuru ya kawaida mara 10,000 huififisha infraredi (nuru iliyo nje ya wekundu, isiyoonekana kwa macho) ya mikromita 2.2 mara 3 tu hivi, ndiyo maana tunaanzia hapo.

Hatua ya 1. Piga spektra (nuru ya nyota iliyotawanywa kwa urefu wa mawimbi) ya mikromita 2.0 hadi 2.4. Usiku huohuo ipime na nyota nyeupe ya aina ya A0 iliyo jirani yake angani, kisha gawa ya kwanza kwa ya pili: alama za hewa yetu zitaondoka. Hapa ndipo wengi tunaponasa. A0 ina mstari wake mweusi wa haidrojeni kwenye 2.166. Usipouondoa kabla ya kugawa, utapata kilele cha uongo palepale ambapo gesi inayoiangukia nyota hujionyesha. Mimi kilinifurahisha siku mbili nzima!

Hatua ya 2. Tafuta mistari ya sodiamu (2.206 na 2.209), kalsiamu (2.263) na ngazi za kaboni monoksidi kuanzia 2.29. Linganisha na nyota zinazojulikana, upate jotoridi.

Hatua ya 3. Vumbi la moto kwenye diski (sahani ya gesi na vumbi inayoizunguka nyota) nalo linang'aa, likaichujua mistari. Mstari wa kina cha 20% ukionekana una 10%, basi nuru ya vumbi ni sawa na ya nyota yenyewe. Amini uwiano wa mistari jirani kuliko kina cha mmoja.

Hatua ya 4. Nyota changa bado inasinyaa, kwa hiyo ni pana na uvutano wa usoni ni mdogo. Kaboni monoksidi itakolea, sodiamu itapungua, kuliko kwa nyota pevu ya jotoridi lilelile.

Hatua ya 5. Weka jotoridi na mng'ao kwenye mchoro wa Hertzsprung-Russell (jotoridi upande mmoja, mng'ao upande mwingine), usome umri kwenye mikondo ya modeli za nyota za umri mbalimbali.

MASWALI

– Mkuu, huo umri unaaminika?
– Kwa nyota moja, ukipata miaka milioni 2, inaweza kuwa 1 au 4. Pima kundi zima.

– Kundi la nyota la Kilimia je?
– Kina miaka zaidi ya milioni 100, diski zilishakwisha. Huko umri hutafutwa kwa lithi, kwenye nuru nyekundu.

– Sina darubini, nafanyaje?
– Maktaba ya spektra ya IRTF, darubini ya mita 3 iliyoko Mauna Kea, Hawaii, iko wazi mtandaoni. Anza na nyota pevu, uzoee sura ya sodiamu.