Kabla hujanunua kadi ya picha, ifungue kwanza hiyo kompyuta

Juzi kijana wa Chumbageni anayepiga video za harusi aliniletea kompyuta yake, Dell OptiPlex 7010, hapa Ngamiani, Tanga. "Shikamoo fundi. Nifungie kadi ya picha, mashine inanikwamisha na bibi harusi anadai video yake."

Marahaba, nikamwambia, lakini tuipime kwanza. Akaanza kuhariri kama afanyavyo nyumbani, nami nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ikafunguka, nikaingia Performance, panapoonyesha kila kifaa kimelemewa kiasi gani. Diski ilikuwa imeganda kwenye asilimia 100, ramu ya GB 4 imejaa pomoni. Kadi mpya ingekaa pale ikiisubiri diski.

Wa gemu wana kipimo chao, tena cha bure: ndani ya gemu, shusha ukubwa wa picha (resolution) kutoka 1080 hadi 720. Gemu ikikimbia zaidi, kadi ndiyo iliyolemewa. Ikibaki vilevile, prosesa ndiyo inayokokota, na kadi haitakusaidia.

Ukiona kweli ni kadi, chomoa waya wa umeme, fungua kasha, usome kibandiko cha pawa saplai, lile boksi linalogawa umeme ndani. Hapa ndipo watu wanapoumia. OptiPlex 7010 ya kusimama ina wati 275, ile ndogo nyembamba 240. Tundu la kadi lenyewe hutoa wati 75 tu; kadi inayotaka zaidi huomba waya wake wa pini 6 au 8, na pawa saplai za mashine hizi hazina waya huo. Usikubali kuungiwaungiwa waya. Nimewahi kuchomoa plagi iliyoyeyuka ikagandamana na kadi, na mwenyewe alikuwa ameinunua kwa akiba ya miezi. Tafuta GTX 1050 Ti isiyo na tundu la waya wa ziada, au GT 1030 inayokula wati 30. Kwa kasha jembamba, iwe ya kimo kifupi, na kile kibati chake kifupi cha kuishikiza kwenye kasha kiwepo, la sivyo haifungiki.

Kadi ya mtumba imulike kwa tochi. Huku kwetu hewa ya bahari inakula: ukiona ukijani kwenye skrubu na matundu ya monita, iache. Feni izungushe kwa kidole, kisha muuzaji akuwashie gemu nusu saa mkiwa mmekaa hapohapo.

Na umri uhesabu. OptiPlex 7010 hii ni ya mwaka 2012, prosesa ya kizazi cha 3. Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, na Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Kadi inayozidi bei ya mashine yenyewe, mimi siifungi humo bila kumwambia mwenyewe ukweli huo.

Kijana nilimwekea SSD, diski ya kasi isiyozunguka, nikaongeza ramu ikafika GB 12, nikabadilisha dawa ya prosesa, ile inayopakwa juu yake kupitisha joto. Ya zamani ilikuwa ikipukutika kama chokaa ya ukuta. Kabla ya isha akanipigia, video imeshatoka. Pesa ya kadi ameihifadhi, na akipata mashine ya kizazi cha 8 ataileta tuitazame kabla hajalipa.