Vile unaweza kuishi Walawi 19 hapa Nairobi

Watu wakisikia utakatifu wanafikiria kufunga na kukesha, lakini hii sura ya Torati, ambayo Wayahudi huisoma sinagogi kila mwaka, ikishasema muwe watakatifu inaingia moja kwa moja kwa wazazi, mishahara na mizani. Anza na pesa ya mtu. Mstari wa 13 unasema ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi, kwa hivyo mama fua akimaliza kuanika nguo mtumie pesa yake hapo hapo kabla hajashuka ngazi, usimwambie kesho, ako na unga wa kununua jioni hiyo na nauli ya kurudi Kawangware, na mi naona hapa ndio wengi wetu tunaanguka kabisa. Unauza mahindi? Gorogoro, ule mkebe wa kupimia, isibondwe chini ndio ibebe kidogo, hiyo ni mstari wa 35 na 36. Mzee wa mvi akiingia kwa matatu mwachie kiti (32). Kiziwi usimtukane ati juu hasikii. Na mkikaa kusuluhisha kesi ya ploti, mstari wa 15 unakataza kupendelea maskini kwa huruma na pia kumbeba tajiri, sikizeni pande zote mbili kwanza.