SOMO: Mkia wa shamba lako unatema nini mtoni? (kitunguu, nyanya na mpunga)

Habari zenu wadau. Niliahidi hili somo siku nyingi, nimechelewa maana miche ya kitunguu ilikuwa kitaluni inaningoja, tusameheane. Nawalenga wa bonde la Usangu kule Mbeya na kokote watu wanakovuta maji kwa mfereji au pampu. Sote tunalinda banio (pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni), tunagombana hadi usiku maji yanaingia kwa nani, ila mkiani mwa shamba pale yanapotokea hakuna anayeenda kuchungulia, na mto unachafukia hapo.

HATUA YA 1: Pima kwa chupa
Chukua chupa mbili za maji za lita moja, bandua lebo. Siku ya kumwagilia jaza moja maji yanapoingia shambani na nyingine yanapotoka, ziache dirishani mpaka asubuhi usizitikise. Yangu ya kwanza ilikuwa na vumbi kidogo tu chini. Ya pili tope limelala unene wa penseli, laini kama uji wa ulezi, nikakaa naliangalia nikiikumbuka DAP, ile mbolea ya kupandia yenye fosforasi, niliyokopa hela kuinunua, maana fosforasi inang'ang'ania kwenye udongo, udongo ukienda nayo inaenda. Urea ni mjanja zaidi, ikishageuka naitreti inayeyuka na kuzama na maji, inaibukia kisimani au mtoni huko mbele, hiyo kwa chupa huioni kabisa.

HATUA YA 2: Mfereji mfupi, maji ya kupunguza
Kama mifereji yako kati ya matuta ni mirefu na shamba lina mteremko, ikate katikati. Fungulia maji ya kutosha yafike mwisho upesi, yakishafika PUNGUZA, usiyaache yanakimbia huku wewe umeenda kunywa chai (najua mnaofanya hivyo, na mimi nilikuwa mmoja wenu). Yakikimbia yanachimba. Mwisho wa shamba acha ukanda wa majani, usiyafyeke mpaka chini, yanachuja tope vizuri tu.

HATUA YA 3: Mbolea na dawa
Usimwage mbolea juu juu halafu ukafungulia maji mengi siku hiyo hiyo, hapo umeulisha mto. Weka kwenye shimo, fukia, gawa mara mbili tatu. Kwenye jaruba la mpunga ukishaweka urea au kupulizia dawa ziba pale maji yanapotokea, yakae siku kadhaa, na lebo ya dawa ikitaja siku ngapi fuata hiyo. Solo (bomba la mgongoni la kupulizia dawa) usiioshee mtoni jamani!! Na pampu ya petroli iwekee beseni chini, ile mafuta inayodondoka taratibu watu wanaidharau halafu mita mia chini mtoto anachota maji ya kunywa.

HATUA YA 4: Mpunga sio samaki
Mpunga hauhitaji kuogelea msimu mzima. Kwenye kilimo shadidi (mpunga wa maji kidogo, wengine wanakiita SRI) unapanda mche mchanga wa siku 8 hadi 15, mmoja mmoja, sentimita 25 kwa 25, kisha unalowesha na kukausha kwa zamu. Chomeka bomba lenye matundu kwenye jaruba, maji yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo ndio unafungulia tena, ila wakati wa kutoa maua usikaushe. Maji yasiyotoka jarubani hayabebi kitu kwenda mtoni.

Na hapa kuna jambo wengi hawaliunganishi. Mto Ruaha Mkuu, unaopokea maji ya huku Usangu, ulianza kukauka kiangazi kule Hifadhi ya Ruaha mwaka 1993, na moja ya sababu kubwa ni maji tunayochepusha huku juu. Mto ukisimama viboko wanabanana kwenye madimbwi, kinyesi kinajaa, hewa inaisha ndani ya maji na samaki wanakufa. Hapo hakuna aliyemwaga dawa wala mbolea, ni maji yamechukuliwa tu na uchafu umekosa wa kuusukuma. Kwa hiyo ukivuta maji kupita mahitaji unauchafua mto hata kama unalima bila kemikali.

MASWALI

Swali: Mkuu, mimi nimefunga dripu, si niko salama?
Jibu: Kwa tope uko salama sana, mkiani hakuna kinachotoka. Ila ukipitisha mbolea kwenye dripu na kuifungulia saa nyingi inazama chini ya mizizi vile vile. Fukua karibu na mche baada ya kumwagilia, unyevu ukiwa umeshapita mizizi punguza muda.

Swali: Shikamoo mwalimu. Shamba langu lina weupe juu ya udongo, jirani anasema ni mto umeleta chumvi.
Jibu: Marahaba. Mto unaleta kidogo, mmea unakunywa maji unaiacha chumvi, ikikosa pa kutokea inapanda juu. Tatizo ukiitoa inaenda kwa wa chini. Mwaka 1961 Mexico iliilalamikia Marekani kwamba Mto Colorado umejaa chumvi, na chanzo kilikuwa maji yanayotolewa mashambani huko Arizona. Usimwagilie kupita kiasi, chimba mtaro, na peleka udongo ukapimwe kabla hujanunua dawa ya mtu.

Swali: Kaka nalima mpaka ukingoni, mita tano hivi, nyanya zinakubali balaa.
Jibu: Zinakubali najua, pana rutuba. Ila Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka mtoni, na kuchepusha maji kunahitaji kibali cha bodi ya bonde, kwenu huko ni ya Rufiji. Anza kurudi nyuma, pale panda majani ya ng'ombe.

Swali: Nimefanya ya chupa. Mkia wangu msafi, ila ya kuingilia ndio tope tupu, wa juu yangu ndio wanaharibu. Nifanyeje?
Jibu: Usiende kugombana. Beba chupa kwenye mkutano wa jumuiya ya watumia maji, ziweke mezani kabla hujaongea, watu wakishaona wataanza kuulizana wenyewe.

Muuliza swali: Sawa mkuu, ila wa juu yangu ndiye mwenyekiti wa jumuiya 😂
Jibu: Basi beba tatu, moja umpe akajaze mwenyewe.