Namna ya Kuandaa Onesho la Filamu za Kisasa za Poland

Anayetaka kuandaa onesho la filamu za kisasa za Poland, iwe chuoni, katika klabu ya filamu au katika kituo cha utamaduni, aamue kwanza kwamba ataonesha chache. Tangu Taasisi ya Filamu ya Poland ilipoundwa mwaka 2005 na kuanza kuchangia gharama za utengenezaji, kazi nzuri zimekuwa nyingi, na mwandaaji hushawishika kuzirundika katika mwisho mmoja wa juma. Ninashauri filamu nne kwa jioni nne, zipangwe ili kila moja iwaandae watazamaji kwa inayofuata.

Jambo la kuanza nalo mapema ni ruhusa. Kununua nakala ya filamu au kulipia huduma ya kutazama mtandaoni hakumpi mtu haki ya kuionesha hadharani, kwa hiyo iandikie kampuni inayosimamia haki za filamu husika miezi kadhaa kabla, ukitaja ukumbi, idadi ya viti na kama kuna kiingilio. Ubalozi wa Poland pia unafaa kuulizwa. Kwa Tanzania na Kenya, zingatia vilevile taratibu za bodi za filamu za nchi hizo.

Jioni ya kwanza iwe ya "Ida" (2013) ya Paweł Pawlikowski, filamu ya kwanza ya Poland kushinda Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, mwaka 2015. Msichana aliyelelewa na watawa, akiwa karibu kuweka nadhiri, anaambiwa na ndugu wa mama yake kwamba wazazi wake walikuwa Wayahudi, na wawili hao wanasafiri kutafuta walikozikwa. Ni filamu ya nyeusi na nyeupe, ina dakika 82 tu, na fremu yake inakaribia kuwa ya mraba. Hapa ndipo maonesho mengi yanapoharibika, kwa sababu projekta za kumbi nyingi zimewekwa ili picha ijaze skrini pana. Picha ikivutwa, nyuso zinanenepa. Ikikuzwa, sehemu ya juu inakatwa, na katika filamu hii sehemu ya juu ndiyo yenye uzito, kwa kuwa mara nyingi wahusika wamewekwa chini kabisa ya fremu huku ukuta au anga tupu ikiwaelemea kutoka juu. Siku moja kabla, iweke projekta kwenye uwiano wa 4:3, kubali weusi ubaki pande zote mbili za skrini, kisha jaribu tukio la mwanzo, pale msichana anapoipaka rangi sanamu ya Kristo kabla haijabebwa na kusimamishwa nje kwenye theluji. Sura ya msichana na ya sanamu zikionekana za kawaida, na nafasi iliyo juu yao ikiwa haikukatwa, ukumbi uko tayari.

Suala la tafsiri nalo linahitaji uamuzi. Televisheni za Poland zina desturi ya kumweka msomaji mmoja anayesoma maneno ya wahusika wote, wake kwa waume, huku sauti za asili zikisikika chini yake. Desturi hiyo haiko mbali sana na ya watafsiri wa vibanda umiza, isipokuwa msomaji wa Kipolandi haongezi lake. Hata hivyo, kwa "Ida" singeruhusu msomaji, kwani ukimya wake ni sehemu ya hadithi. Omba kibali cha kuandaa maandishi ya Kiswahili chini ya skrini, yasizidi mistari miwili kwa wakati mmoja, na ufupishe bila woga, kwa sababu mtazamaji anayesoma muda wote haoni picha. Mazungumzo ya filamu hii ni machache, hivyo kazi hiyo si kubwa.

Jioni ya pili ioneshe "Zimna wojna" (yaani "Vita Baridi", 2018), ya mwongozaji huyohuyo, iliyompa tuzo ya uongozaji katika tamasha la Cannes. Fremu ni ileile, kwa hiyo usiguse projekta. Waombe watazamaji wafuatilie wimbo mmoja wa mapenzi unaosikika kwanza vijijini, kisha katika kwaya ya taifa, na baadaye kwa mtindo wa jazi mjini Paris: mapenzi ya wahusika wawili yanabadilika pamoja na wimbo huo. Jioni ya tatu, "Boże Ciało" (yaani "Mwili wa Kristo", 2019) ya Jan Komasa, kuhusu kijana aliyetoka kizuizini anayejifanya padri katika kijiji chenye msiba, haihitaji utangulizi mrefu.

Ya mwisho iwe "Zielona granica" (yaani "Mpaka wa Kijani", 2023) ya Agnieszka Holland, inayohusu wakimbizi waliokwama msituni kati ya Poland na Belarus kuanzia mwaka 2021. Ilipata Tuzo Maalumu ya Majaji katika tamasha la filamu la Venice, na nyumbani Poland viongozi wa serikali ya wakati huo waliishambulia hadharani. Ina urefu wa zaidi ya saa mbili na dakika ishirini, kwa hiyo anza mapema. Waafrika wamo humo kama watu wenye hadithi yao, na vijana wao wanaoimba rap ya Kifaransa pamoja na vijana wa Kipolandi wanatoa nafasi nzuri ya kufungua mjadala.

Mwagize mtu wa taa asiziwashe mapema, kwa sababu baada ya hadithi kuonekana imekwisha inafuata sehemu fupi ya mwaka 2022, kwenye mpaka wa Ukraine, ambako wakimbizi wanapokewa kwa namna nyingine kabisa. Mwongoza mjadala aanze na swali la tofauti hiyo, kabla hajagusa tuzo wala siasa za Warszawa.