Sakafu ya udongo ikishafunuliwa, usiiachie kusi

Mimi nilianza kwa kubeba karai. Kwenye uchimbaji wa mambo ya kale huku visiwa vya Kilwa, kibarua mgeni hapewi mwiko siku ya kwanza. Lakini nilikuwa nimeshakandika nyumba tatu na marehemu mama, kwa hiyo sakafu ya udongo nikiiona najua inataka nini.

Watu wakija Songo Mnara, mji wa kale kwenye visiwa hivi, hupiga picha majumba ya mawe ya matumbawe. Nyumba za udongo zilizokuwa jirani hazina mpiga picha, maana kilichobaki ni tabaka la sakafu na vipande vya udongo wa ukutani vyenye alama za fito. Sakafu hiyo imekaa chini zaidi ya miaka 500 na unyevu wake. Ukiifunua tu, inaanza kukauka.

Udongo wa mfinyanzi huvimba ukipata maji na husinyaa ukikauka. Juu hukauka kwanza. Chini bado pabichi, pamekataa kusogea, basi panapasuka. Mwezi wa saba kusi ikivuma na jua limewaka, haihitaji siku nzima. Mwaka mmoja tuliacha mraba wa mita mbili wazi, tukaenda kuswali adhuhuri na kula. Tuliporudi sakafu imekuwa gamba la kobe. Nilishika kipande kimoja kwa ncha ya mwiko kikanyanyuka chote kama ukoko wa wali, kingo zimejikunja juu. Na tulikuwa hatujaichora.

Tangu hapo kivuli kinasimama kabla jembe halijagusa ardhi. Funga turubai juu ya nguzo, mtu aweze kusimama chini yake, na upande unaotoka upepo weka ukuta wa makuti. Tafuta turubai jeupe. La bluu huwapotosha wanaosoma rangi za udongo, na ugomvi wake hauishi.

Kisha funua kidogo. Anza alfajiri, ufunue kipande unachoweza kukipiga picha na kukichora kabla ya mapumziko. Kwingine kote acha udongo wa juu, hata sentimita tano zinasaidia. Ukitoka, hata kwa dakika ishirini, tandaza shuka safi la pamba, juu yake gunia la katani lililoloweshwa na kukamuliwa vizuri. Gunia lisiguse sakafu, linaacha rangi na nyuzi, na lisidondoshe maji. Usiku ongeza nailoni juu ya gunia. Nailoni peke yake juani usithubutu: udongo unatoka jasho, kesho kutwa una ukungu.

Maji yenyewe yachague. Kisima kilicho karibu na bahari kina chumvi, na chumvi ni mbaya kuliko jua. Maji hupanda hadi juu ya udongo, yanakwenda na upepo, chumvi inabaki. Inaganda chini kidogo ya uso, fuwele zinakua na kuubandua. Ukiona unga mweupe ukutani mwa shimo, ndiyo hiyo. Tumia maji ya mvua, au yale ya betri yasiyo na asidi. Elekeza chupa ya kunyunyizia juu hewani, matone yashuke kama umande.

Kama imeshakauka, usiimwagie maji kwa hofu. Udongo mkavu ukilowa ghafla unabomoka. Inua shuka bichi juu ya vijiti, lisiguse, uliache usiku kucha. Ufa hautafunga, ila kingo zitatulia na utaweza kuendelea.

Kuta za shimo nazo zikipauka, watu hukwangua upya ili rangi ionekane. Kila mkwanguo unaondoka na ushahidi. Nyunyizia, piga picha, basi.

Atatokea mtu na kopo la gundi. Mkatalie. Gundi juu ya udongo mbichi hufanya ngozi, unyevu unaotoka ndani unaisukuma, na ngozi ikidondoka inachukua uso wote wa sakafu.

Kazi ikiisha, fukia. Najua wageni wanapenda kuona shimo, lakini kuliacha wazi ni kulipoteza. Na kufukia kuna ufundi wake. Zile nyayo za viumbe wa ukoo wa binadamu za Laetoli, kule Ngorongoro, za miaka milioni 3.6, zilizogunduliwa 1978, zilifukiwa mwaka uliofuata kwa udongo uliokuwa na mbegu za migunga. Miti ikaota, mizizi ikashuka kuelekea nyayo. Miaka ya 1990 Idara ya Mambo ya Kale na Getty, taasisi ya uhifadhi ya Marekani, walilazimika kufunua, kuondoa miti, na kufukia upya kwa mchanga, vitambaa maalumu vinavyopitisha maji, kizuizi cha mizizi, na mawe ya volkano juu.

Sisi tunachekecha udongo uliotoka humo humo na kutoa mbegu na mizizi. Uwe na unyevu kidogo, maana udongo mkavu utanyonya maji ya sakafu. Mchanga wa ufukweni hapana, chumvi tena. Kwanza kitambaa kinachopitisha maji, kisha udongo, tabaka la kiganja kimoja, ushindilie kwa mikono, tabaka jingine, hadi juu pawe na mgongo wa kumwaga mvua.

Juu ya kitambaa tunaacha sarafu, ili atakayechimba baadaye ajue wenzake waliishia hapo. Mwaka juzi kijana aliniuliza kwa nini shilingi mia mbili na si hamsini. Nikamwambia hamsini sina.